Mwalimu Gelasius na Ukurasa wa Lwangala

Wenzangu wa Kyela, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na ziwa letu, nipeni masikio. Nasema mapema kabisa kwamba jambo hili lilimpata mtu mwema. Tumezoea hadithi za walevi na wezi. Tukizisikia tunatikisa kichwa, tunashukuru kwamba wale si sisi, kisha tunakwenda kula. Mtu wa leo hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mwalimu, mcha Mungu, mwenye kusalimia wakubwa kwa wadogo, na pamoja na hayo yote nusura amzike mkewe. Basi kila mmoja asikilize kwa ajili yake mwenyewe, asimsikilizie jirani.

Jina lake Gelasius, mzaliwa wa Sumbawanga, aliyeletwa kufundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa kwetu. Mkewe, Veronika, ni muuguzi wa zahanati. Mtoto wao mmoja, Lucy, alikuwa darasa la kwanza. Walipanga nyumba Kyela mjini, yenye baraza pana na minazi miwili uani, na majirani waliwapenda.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa barazani wanakula mbalaga, ndizi za kupikwa za huku kwetu, kwa usipa, dagaa wa ziwa letu. Veronika alikuwa amejifunza kupika ndizi zile mpaka wenyeji wakawa wanamtania kwamba amebakiza kuota ndoto za Kinyakyusa tu. Lucy alikuwa akimwimbia baba yake wimbo wa shule, mdomo umejaa.

"Baba Lucy, leo pumzika," Veronika akasema. "Wiki nzima hujakaa na mtoto."

"Leo ni yenu," Gelasius akajibu. "Simu hii hata ikilia siigusi."

Simu ikalia. Akaigusa. Lilikuwa shirika moja dogo la Mbeya, limekubali kumsaidia kufungua ile tovuti aliyokuwa akiiota tangu mwaka uliopita. Gelasius aliruka, akambusu Lucy kwenye paji, akaingia ndani kuwasha kompyuta. Sahani yake ikabaki pale na ndizi tatu, wimbo ukaishia njiani.

Wazo lenyewe, tusiwe wanafiki, lilikuwa zuri. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wenyeviti wengi walibadilika, na vitongoji vingine viligawanywa. Mtu akitaka barua ya utambulisho alizungushwa mpaka viatu vinaomba huruma. "Mwenyekiti wako si huyu, ni yule." Anafika kwa yule: "Hapa umeshavuka mpaka, rudi ulikotoka." Gelasius mwenyewe alizungushwa siku tatu kwa ajili ya mhuri mmoja. Ndipo akafikiria Daftari la Kata. Ingekuwa wiki, yaani tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuandika anachokijua, na mwingine akaja akasahihisha au akaongeza. Kila kitongoji kingekuwa na ukurasa wake: mwenyekiti ni nani na simu yake, diwani ni nani, mtendaji yuko ofisini siku zipi, kura hupigwa wapi, mpaka unapita kwenye mfereji gani. Wa kukusanya habari hizo wangekuwa wenyeji wenyewe, kwa kujitolea.

Zuri, si ndiyo? Sasa tazameni mjuzi anavyoliharibu jambo zuri.

Gelasius aliitengeneza tovuti ile peke yake, akaitengeneza kama mtihani. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu thelathini na moja za kujaza. Thelathini na moja! Hata washenga wakija kuposa hawaulizwi maswali mengi kiasi hicho. Na kila sehemu aliiwekea nyota nyekundu, maana yake ni ya lazima. Ukiruka hata moja, ukabonyeza kitufe cha "Hifadhi", tovuti inakugomea na yote uliyoandika yanapotea.

"Umewaonyesha watakaoitumia?" Veronika akamuuliza siku moja.

"Bado. Ikikamilika nitawafundisha."

"Mimi nikipeleka dawa kijijini, kwanza namuuliza mama wa watu amekula nini."

"Mama Lucy, hii ni kompyuta bwana, si dawa ya minyoo."

Akacheka mwenyewe. Veronika hakucheka. Aliondoa vyombo, akaenda kumwogesha Lucy, ambaye siku hizo alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza baba yako yuko wapi: "Yuko kwenye daftari."

Wakusanyaji wa kujitolea walipatikana kumi na mmoja, saba kati yao akina mama. Mwenye bidii kuwashinda wote alikuwa Catheline, mama Doreen, wa kitongoji cha Lwangala kule Bujonde, ng'ambo ya mto. Mama huyu alilima mpunga, alianika kakao, na bado jioni alipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule mkononi. Alijua mipaka yote ya Lwangala. Alijua mtendaji anakuja Jumanne na Ijumaa, na kwamba Ijumaa huondoka kabla ya saa sita. Alijua hata mtumbwi wa kijiji hufungwa kwa nani masika yakianza. Hazina tupu, ndugu zangu!

Lakini ukurasa wa Lwangala ulibaki mtupu. Wiki ya kwanza mtupu, wiki ya tano mtupu. Kwenye ramani ya Gelasius, ambako kitongoji kilichojazwa hugeuka kijani, Lwangala ilibaki nyeupe kama jino.

"Mama Doreen, tatizo nini?" Gelasius akamuuliza walipokutana mnadani.

Catheline aliinamisha macho, akachezea ncha ya kitenge. "Mwalimu, mengine yote ninayo. Ni ile sehemu ya jina la mwenyekiti. Inanigomea."

"Inakugomeaje? Si unaandika jina lake tu? Hujui kuandika jina?"

"Najua kuandika, mwalimu."

"Basi andika."

Catheline akasema, "Ndaga, mwalimu," ambayo kwetu ni asante, na pia ni njia ya heshima ya kufunga mazungumzo. Akaenda zake na ndoo yake ya samaki. Gelasius akabaki anajisemea kwamba watu wa kujitolea ndivyo walivyo, mwanzo moto mwisho majivu. Hakumuuliza swali la pili. Swali moja tu, jamani! Lingemgharimu nini?

Mwezi wa nne likaja neno kwamba wageni wa lile shirika watafika Jumatatu kuiona kazi. Ramani ilikuwa kijani kote isipokuwa Lwangala. Gelasius alipanda hasira. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wakusanyaji, mbele ya watu wote: "Kuna watu humu wamekuja kuuza sura. Mama Doreen miezi miwili hajaleta hata ukurasa mmoja. Asiyeweza atupishe." Kisha akamtoa kwenye kundi. Wenzake waliusoma ujumbe ule. Mama mmoja alianza kuandika kitu, akafuta.

Jumapili baada ya misa, Gelasius alikaa kujaza ukurasa wa Lwangala mwenyewe. Angeweza kuvuka mto akaulize, lakini wageni walikuwa wanakuja kesho. Akafungua orodha ya zamani aliyokuwa nayo, ya kabla ya uchaguzi, akakuta jina: Yohana, mwenyekiti, na namba ya simu. Akaandika. Sehemu nyingine akakisia. Akabonyeza "Hifadhi", na Lwangala ikageuka kijani. Akasikia raha moyoni. Naye alijua, msinidanganye, alijua kwamba hakujua.

Wageni walikuja, wakaitazama ramani, wakapiga makofi. Veronika naye alikuwepo, akapiga makofi, kwa sababu alimpenda mumewe na alitaka aipate furaha yake. Haraka haraka haina baraka, lakini makofi huwa nayo.

Siku mbili baadaye Veronika alipangiwa kliniki ya mkoba, ile ya kupeleka chanjo vijijini, badala ya mwenzake aliyekwenda likizo. Kitongoji chenyewe Lwangala. Watoto wa kule walikuwa wamepitwa na chanjo ya surua kwa sababu ya mafuriko, na Veronika alikuwa na wasiwasi nao.

"Sijawahi kufika huko," akamwambia mumewe. "Nimpigie nani?"

"Fungua Daftari," Gelasius akasema kwa fahari, akamfungulia mwenyewe, akamwandikia namba kwenye kikaratasi. Kama aliona haya moyoni, aliyameza haraka. Alijiambia namba ni namba, mtu atapokea, mambo yatakwenda.

Na kweli mtu alipokea. Yohana alikuwa ameuacha uenyekiti na kuhamia Kasumulu, mpakani, anakouza vitenge. Lakini watu bado walimwita mwenyekiti, naye bado aliitika. Alikuwa mtu wa watu. Neno "sijui" halikuwahi kumtoka kinywani tangu azaliwe.

"Njooni tu nesi, Alhamisi," akasema. "Piteni kivuko cha mianzi. Maji yanafika magotini, basi. Mimi nitawaambia akina mama."

Hakuwaambia, alisahau. Na kivuko cha mianzi alichokijua yeye kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Mito yetu ya huku mnaijua wenyewe: leo imelala hapa, masika yakipita imehamia kwenye shamba la mtu.

Alhamisi hiyo jua liliwaka Kyela nzima. Veronika alipanda pikipiki ya Erick, kijana wa bodaboda wa jirani, kikasha cha chanjo kimefungwa nyuma na barafu ndani. Kwenye mianzi waliacha pikipiki wakavuka kwa miguu. Maji yalifika magotini kweli, wakacheka. Wakatembea hatua mia mbili kwenye matete, wakafika mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mto, na mto ulikuwepo, mpana, wa rangi ya udongo. Ulikuwa mkondo mpya.

"Nesi, turudi," Erick akasema.

Wakarudi. Nako kule walikotoka, yale maji ya magotini yalikuwa yamefika kifuani na yanabeba magogo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani Rungwe tangu alfajiri. Sisi wa bondeni huwa tunaletewa mvua ya wenzetu bila kuliona wingu lake. Kwa hiyo wakawa wamesimama kwenye ulimi wa ardhi katikati ya mikondo miwili, na ulimi wenyewe unazidi kuwa mfupi. Na mto ule una mamba. Kila mtu wa Bujonde anajua hilo, na Erick alilijua.

Gelasius alikuwa darasani, saa nne na nusu, simu ilipotetemeka.

"Baba Lucy." Sauti ya mkewe ilikuwa ndogo. "Tumezingirwa na maji. Mwenyekiti wako hapatikani. Tafuta mtu wa huku mwenye mtumbwi. Fanya haraka."

Akampigia Yohana: namba unayopiga haipatikani. Yohana alikuwa amevuka kwenda Malawi kuchukua mzigo asubuhi ile, na laini yake ya huku haishiki mtandao kule. Akapiga tena, na tena. Akapiga ofisi ya kata, simu ikaita mpaka ikakata. Ndipo akafanya jambo la ajabu: akafungua Daftari la Kata. Akafungua ukurasa wa Lwangala, ule wa kijani, akausoma kama mtu asiyejua nani aliuandika. Sehemu ya mwenyekiti: Yohana. Sehemu ya usafiri wakati wa masika: "Njia ya kawaida." Hayo ni maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameyaandika Jumapili akiwa anakunywa chai.

Wanafunzi walimwona mwalimu wao anakaa sakafuni.

Mtu mmoja tu aliyemjua ng'ambo ile ya mto alikuwa Catheline. Yule aliyemwambia anauza sura. Gelasius aliitazama namba yake, akaona heri aibu kuliko msiba. Akapiga.

"Mwalimu," Catheline akaitika. Alikuwa uani kwake anageuza kakao juani. "Habari za kazi."

"Mama Doreen, nisamehe, nisamehe, nitakuomba radhi vizuri baadaye. Mwenyekiti wenu wa sasa anaitwa nani? Nipe jina lake na namba!"

Catheline aliacha kugeuza kakao.

"Mama Doreen! Jina!"

"Jina siwezi, mwalimu."

"Huwezi vipi? Mke wangu yuko majini! Yuko kwenye mianzi na chanjo za watoto wenu, maji yanapanda! Nitajie jina la mtu!"

"Mwalimu, ni baba mkwe wangu." Sauti ya Catheline ilivunjika. "Mimi ni mkamwana wa nyumba ile. Sisi mkamwana hatamki jina la mkwe, wala halimtoki kwa mkono. Nilijaribu kuliandika kwenye tovuti yako mara kumi na mbili. Mkono unakataa. Ningekuambiaje, wewe mwanamume, mgeni, tena mnadani? Lakini mke wako usimlilie bado. Umesema kwenye mianzi? Kata simu."

Naye akakata.

Ndugu msomaji wa mbali, usicheke. Ni mwiko wa heshima wa kale huku kwetu. Mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani anapinda, na jina lake halitaji. Wengi siku hizi wameuacha, wengine bado wanaushika, na nyumba ile ya Lwangala ilikuwa ya wanaoushika. Si kila lisilojulikana na mgeni ni ujinga wa mwenyeji.

Yaliyofuata Gelasius alisimuliwa baadaye, na hachoki kuyasimulia. Catheline alifunga kitenge, akakimbia mpaka nyumba kubwa ya baba mkwe wake. Hakuingia. Alisimama nyuma ya migomba, akageuza uso pembeni, akapiga kelele kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika kwenye ua ule kwa miaka kumi na minne ya ndoa:

"Enyi mlio humo ndani! Mwambieni babu wa Doreen, nesi wa chanjo amezingirwa na maji kwenye mianzi! Auachie mtumbwi!"

Mzee Ezekiel, ndiye mwenyekiti mwenyewe, alikuwa anakunywa uji. Alitoka na kikombe mkononi, naye akageuza uso upande wa zizi, akaijibu hewa: "Mwambieni mke wa mwanangu kwamba amesikiwa. Aliko! Anyisile! Shikeni pondo!"

Ndivyo walivyozungumza mkwe na mkamwana, kila mmoja anaongea na upande wake, na mwiko haukuvunjika hata ukucha. Aliko, mume wa Catheline, na Anyisile, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, waliingia mtumbwini. Walipofika kwenye ule ulimi wa ardhi Veronika alikuwa amesimama maji yakiwa mapajani, kikasha cha chanjo kakiweka kichwani, anasali Salamu Maria kwa sauti. Erick alikuwa amemshika mkono na analia waziwazi. Waliwapakia mmoja mmoja.

Saa sita kasoro simu ya Gelasius ikaita.

"Niko nchi kavu," Veronika akasema.

Gelasius akaikumbatia simu kwa mikono miwili. Alilia tu.

"Baadaye tutaongea. Barafu bado haijayeyuka, na mzee amegonga chuma, akina mama wanakuja. Nachanja."

Watoto thelathini na wanne walichanjwa Lwangala siku ile. Jioni Veronika alirudi kwa njia ya mbali, ya juu, sketi imekauka na tope. Alimkumbatia Lucy kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe.

"Maji niliyaogopa, sikufichi," akasema. "Lakini kilichoniuma zaidi ni kile kikaratasi. Namba ile uliniandikia kwa mkono wako. Ulijua ni ya uhakika?"

"Hapana."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu. Nilitaka ramani iwe kijani." Akapiga magoti pale sebuleni, mtu mzima. "Nisamehe, Vero."

"Mimi nitakusamehe, maana u mume wangu wa ndoa, nitakwenda wapi," Veronika akasema, na machozi yakamtoka. "Lakini hujanikosea mimi peke yangu. Kaanzie kwa yule mama."

Jumamosi Gelasius alivuka kwa mtumbwi. Alimkuta Catheline na akina mama wengine wanasubiri zamu kwenye mashine ya Anyisile, wameketi juu ya magunia yao ya mpunga. Hakumwita pembeni. Alikuwa amemtukana mbele ya watu, basi akamwomba radhi mbele ya watu, na ujumbe wa kuomba radhi akautuma pia kwenye lile kundi, jina lake akalirudisha. Catheline alisikiliza akiwa ameinama.

"Yameisha, mwalimu," akasema. "Nami nina kosa. Ningemtuma hata shemeji akuambie. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema."

"Basi leo mimi ndiye mwanafunzi," Gelasius akasema. Akampa simu yake ikiwa imefunguliwa kwenye Daftari. "Andikeni. Mimi nitanyamaza, nitatazama mnapokwama."

Haikuwa rahisi kwake kunyamaza! Mara tatu aliinua kidole, mara tatu mama mmoja mnene aitwaye Lusungu akamwambia, "Mwalimu, tulia." Akatulia, akaona. Aliona kwamba watatu kati yao ni wakamwana wenye shida ileile ya jina. Aliona kwamba mtandao wa Lwangala hukatika kila baada ya dakika chache, na kila ukikatika kazi yote inafutika. Aliona kwamba neno "kuratibu" alilolitumia mara sita hakuna aliyeelewa anatakiwa afanye nini. Aliona kwamba Lusungu anajua mpaka mzima kwa mdomo lakini herufi zinamchosha macho.

"Ungeweka tu mahali pa kuandika ninachokijua," Catheline akasema. "Nisichokijua, au nisichoweza, nikiache. Si atakuja mwingine?"

Gelasius akalirudia neno lile. Si atakuja mwingine! Hiyo ndiyo maana yenyewe ya wiki. Yeye aliisoma chuoni miaka mitatu, na mama huyu ameisema akiwa juu ya gunia.

Nyota nyekundu akaziondoa zote. Sehemu thelathini na moja zikawa tano, na hizo tano unajaza unayoweza. Akaweka kitufe cha kurekodi sauti kwa watu kama Lusungu. Akaweka kitufe kikubwa kilichoandikwa "Sijui", na kingine "Aulizwe mwingine". Unachoandika kinahifadhiwa hapohapo hata mtandao ukikata. Chini ya kila habari panaonyesha nani alisema na lini, na ikipita miezi mitatu bila mtu kuithibitisha, inageuka njano yenyewe.

Catheline ndiye aliyefungua ukurasa mpya wa Lwangala. Aliandika siku za mtendaji, mipaka, kituo cha kura, mtumbwi, na kivuko kipya. Kwenye mwenyekiti akaandika: "Babu wa Doreen, nyumba kubwa yenye migomba," akaweka na namba, kisha akabonyeza "Aulizwe mwingine". Anyisile akafuta pumba mikononi, akachukua simu, akaandika "Ezekiel". Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Wageni wa Mbeya waliporudi mwezi wa saba, ramani haikuwa kijani. Nusu yake ilikuwa njano, na mahali pengi paliandikwa Sijui.

"Mwalimu, kazi imerudi nyuma?" mmoja akauliza.

"Hapana," Gelasius akasema. "Zamani ilikuwa inanisifia mimi. Sasa inasema kweli."

Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Lakini yule mgeni alitaka kuvuka mto kwenda kitongoji cha pili, akafungua Daftari, akapiga namba aliyoikuta, na aliyepokea akamwambia, "Subiri hapo ulipo, usivuke, ninakuja na mtumbwi."

Mafunzo

Ndugu zangu, ugonjwa wa hadithi hii ni kiburi cha mjuzi. Hauna harufu kama pombe, ndiyo maana tunauacha utambae majumbani. Mwenye nao huacha chakula mezani na mtoto akiimba peke yake, halafu anasema anafanya kazi ya jamii. Ukitengeneza kitu cha watu, iwe tovuti, kisima au sheria ya kijiji, kaa na hao watu kabla hujakimaliza, na wakikwama usiwaite wavivu. Uliza. Ukijibiwa nusu, uliza tena kwa upole, au mtume anayeweza kuuliza. Elimu isiyouliza ni ujinga uliovaa tai.

Na usiandike usilolijua ili upate sifa. Nafasi iliyo wazi haijaua mtu, kwa kuwa anayeiona anajua atafute kwingine. Uongo uliojazwa vizuri ndio unaompeleka mke wa mtu mtoni.

Nawe uliyenyamaza kwa haya kama Mama Doreen, mwiko wako ni wako, ushike kwa heshima. Lakini tafuta wa kukusemea, kwa sababu unachokijua kinahitajika. Hakuna kati yetu anayeijua kata yote. Mmoja ana mpaka, mwingine ana kivuko, mwingine ana jina. Kama kitongoji chako kina daftari la namna hii, lifungue ulitazame. Ukikuta kosa usicheke wala usiseme si kazi yangu. Lisahihishe, maana kuna mtu amesimama ukingoni, ana simu mkononi, na anakuamini.